Mkono Uliokawia

Pasi ilianguka mchana, wakati jua la Kabiro, mtaa wetu wa Kawangware, linapoingia kibandani moja kwa moja na vitambaa vinaanza kunuka joto. Ilikuwa pasi ya makaa, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Tulikuwa na ya stima pia, lakini ukiiwasha pamoja na cherehani zetu mbili swichi inaruka, na mwenye nyumba anakuja kugomba.

Kibanda hicho nilikodi pamoja na fundi mwenzangu, mama mmoja niliyemzidi umri, mzaliwa wa upande wa ziwa, mcheshi, mwepesi wa kukata nguo. Siku hiyo alikuja na mtoto wake wa mwisho kwa sababu dada wa kazi anayemlea alikuwa mgonjwa. Mtoto hakuwa ameanza kutembea. Tulimtandikia mkeka chini ya meza ya kupigia pasi, mahali penye kivuli, tukampa vipande vya vitambaa achezee.

Mwenzangu aligeuka kuchukua makasi. Kiuno chake kikagusa meza, meza ikayumba, pasi ikaanza kuteleza.

Niliiona. Watu huniambia labda macho yangu yalikuwa kwenye uzi. Hapana. Niliiona ikifika ukingoni, nikaiona ikiinama kama mtu anayechungulia kisima, na nilijua kabisa kwamba chini kuna mtoto. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani yangu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa karibu na ile pasi kuliko mkono wa mtu yeyote. Niliuambia uende. Haukwenda.

Mwenzangu ndiye aliyeinama. Alimvuta mtoto kwa mguu mmoja kama mtu anavyomvuta kuku, na pasi ikatua kwenye mkeka pale mapaja ya mtoto yalipokuwa. Kifuniko kikafunguka, makaa yakatapakaa, mkeka ukaanza kufuka moshi. Ndipo mkono wangu ukainuka. Ulishika hewa.

Tulimwaga maji ya kunywa juu ya makaa. Mtoto alilia kwa sababu ya kuvutwa mguu, hakuwa na jeraha lolote. Mama yake alimkumbatia, akanitazama.

"Si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa."

"Na ulikuwa unaiona."

"Nilikuwa naiona."

Alimpangusa mtoto machozi, akasema, "Haya, Mungu ni mwema," kwa sauti ya mtu ambaye hataki kusema lile analofikiri. Kuanzia kesho yake hakumleta tena mtoto kibandani. Sikumlaumu. Hata mimi nisingemleta.

Kilichonitisha si pasi. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nimeona jambo kama hilo zamani, kwa mtu mwingine.

Mama yetu, ambaye sisi Wakamba humwita mwaitu, alianza na kikombe. Ilikuwa nyumbani, Kitui, tumeenda Krismasi, naye anatupokeza chai. Kikombe kiliteleza kwenye sinia mbele ya macho yake, naye akakitazama mpaka kikavunjika. Tulicheka. Naye alicheka, akasema uzee umeingia, ingawa hakuwa mzee. Baadaye vifungo vya blauzi vikamshinda. Baadaye hatua zake zikawa fupi, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya wenyewe. Mkono ukaanza kutetemeka ukiwa umepumzika. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba kuna dawa za kuutuliza ila za kuuondoa hakuna.

Miezi yake ya mwisho niliketi naye kitandani. Nzi alitua mdomoni mwake. Nikaona macho yake yakimwona yule nzi, na nikauona mkono ukianza safari kutoka kwenye blanketi, taratibu, taratibu. Sikumsaidia, kwa sababu alikuwa hapendi kusaidiwa. Mkono ulipofika, nzi alikuwa ameshaondoka mwenyewe.

Sasa nilikuwa nimefikia karibu umri aliokuwa nao siku ya kile kikombe.

Nilianza kujipima kwa siri. Nilidondosha bobini kwa mkono wa kushoto na kuidaka kwa wa kulia, lakini nikagundua hicho si kipimo, kwa maana mkono unaodondosha unamwambia mwenzake. Basi nikawa naweka vitu ukingoni mwa meza na kuvisukuma kwa kiwiko huku nikiangalia kando. Kijiko, kiberiti, kopo la chumvi. Vingi vilifika chini. Nikawa natazama vidole vyangu vikiwa vimelala juu ya nguo, nikingoja vitetemeke. Ukivitazama sana vidole vyako, vitatetemeka tu.

Mume wangu ni fundi wa mawe. Anaondoka alfajiri kwenda mjengo na kurudi jioni akiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi. Jioni moja alisimama mlangoni akaniona nikisukuma kikombe cha plastiki kwa kiwiko.

"Mama watoto, unafanya nini?"

"Nasafisha meza."

"Kwa kiwiko?"

Aliokota kikombe, akakiweka kwenye rafu, akavua viatu. Wakati wa kula ndipo alipouliza tena, bila kunitazama, kama anavyofanya akiuliza jambo zito.

"Ni ile pasi bado?"

"Ni mwaitu," nikasema.

Tulimzika mama yangu pamoja, naye alibeba jeneza kwa bega lake. Aliacha kula. "Usiseme hivyo," akasema. "Usiite kitu hakijakuita." Lakini niliona kwamba naye ameogopa, na kuogopa kwake kulinitisha kuliko kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimetumaini atanicheka.

Siku chache baadaye, barabarani Naivasha Road, mkokoteni wa mitungi ya maji ulitelemka ukija upande wangu. Msukumaji alikuwa akipiga kelele, "Pisha! Pisha mathe!" Nilimsikia, na nilijua mama anayeitwa mathe ni mimi, na neno pisha maana yake nini. Miguu ikabaki pale pale kama ya mtu anayesikiliza mahubiri. Alilazimika kuugonga mkokoteni ukutani kwa duka la kuku ili asinikanyage. Mtungi mmoja ulipasuka, maji yakanilowesha mpaka magotini.

"Mathe, ulikuwa unangoja nini?" aliniuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa ameogopa. "Ungekufa hapa, alafu ningesema nini?"

Nilimwomba msamaha. Nilirudi nyumbani kwa kushikilia kuta.

Ndipo nilipokwenda kliniki. Ni kliniki ndogo, chumba cha kungojea na chumba cha kuonwa, pazia katikati. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye suruali ya jeans chini ya koti jeupe. Nilimwambia yote, pasi, mkokoteni, mwaitu. Hakuniharakisha. Aliniambia nitembee hadi mlangoni na kurudi. Nikunje na kukunjua ngumi. Niguse pua yangu, niguse kidole chake, niguse pua. Alinyoosha na kukunja mkono wangu kwenye kiwiko, polepole, akisikiliza kwa vidole vyake kama ninavyosikiliza cherehani iliyokwama.

Kisha akatoa rula kwenye droo.

"Hiki si kipimo cha ugonjwa," akasema. "Ni cha kuona tu mwili unaamka haraka kiasi gani. Weka kidole na gumba hivi, usiiguse. Nikiiachilia, idake."

Aliishika rula juu, mwisho wake ukining'inia kati ya vidole vyangu. Nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kwa hofu vile, na nimengoja matokeo ya hospitali, nimengoja watoto wazaliwe. Rula ikashuka. Nilipofunga vidole ilikuwa karibu imekwisha. Mara ya pili ilipita kabisa, ikaanguka sakafuni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kikombe cha Kitui. Nikaanza kulia.

Daktari aliiokota. "Mama, sikiza. Sijaona kutetemeka. Sijaona kukakamaa. Unatembea vizuri. Unalala?"

"Tangu pasi, kidogo sana."

"Kazi yako?"

"Nashona."

"Cherehani ya kukanyaga?"

"Niliifunga mota mwaka jana."

"Na kutoka nyumbani hadi kazini?"

Nilifikiri. Nyumba na kibanda viko kwenye ploti moja. Navuka ua. Sokoni nilikuwa naagiza niletewe. Kanisani napanda boda. Tangu nifunge mota, hata miguu ilikuwa imeacha kukanyaga. Kilichobaki kikisogea ni vidole tu na kitambaa.

"Unakaa kutwa nzima," akasema. "Mtu mzima asiye na ugonjwa, akikaa hivyo miezi na miezi, mwili unalala. Jicho linaona, lakini habari inafika kwa mkono ikiwa imechoka. Wanaotembea, wanaokimbia, wanaocheza, kwa kawaida wako wepesi kidogo kuliko wanaokaa. Sikuahidi muujiza. Lakini usingizi na kutembea ni dawa nzuri kuliko kuvunja vyombo."

"Na kama ni ule wa mama?"

Hakukimbilia kunituliza, na nilimheshimu kwa hilo. Aliniandikia nikaonwe na daktari bingwa wa mishipa katika hospitali kubwa. Tarehe niliyopewa huko ilikuwa mbali, ng'ambo ya mvua. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno mawili kichwani, moja la kwamba mimi ni mzima niliyelala, na lingine la kwamba mtu anayeanza kuugua pia huonekana mzima. Usiku nililala na hilo la pili.

Dada yangu mkubwa anakaa Kibera, Sarang'ombe. Hufua nguo na kusafisha nyumba za watu pale Nyayo Highrise, anapanda ngazi na kuteremka kutwa. Nilikuwa sijamwambia lolote, kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza mwaitu mwanzo mpaka mwisho, sisi wengine tulikuja kwa zamu. Lakini mume wangu alimpigia simu. Naye akanipigia.

"Jumapili uje kwangu baada ya kanisa. Uje na miguu."

"Kutoka Kawangware?"

"Kwani Kawangware ni Mombasa? Uje na raba."

Nilitembea. Nilipita Dagoretti Corner, nikaifuata Ngong Road, nikipakata mkoba kifuani na kuruka kila pikipiki ilipopiga honi, au tuseme nikishtuka, maana kuruka hakukuja. Kila mahali pa kuvuka nilisimama mpaka mtu mwingine akavuka ndipo nikavuka kwenye kivuli chake. Nilifika nikiwa nimelowa jasho la kutembea na jasho la woga, sijui lipi lilikuwa jingi.

Dada alinipeleka uwanja wa shule, nyuma ya vibanda vya mabati. Walikuwapo wanawake wa makamo kama kumi hivi, leso kiunoni, wengine na sketi za kanisani bado. Mmoja ameshika mpira wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba.

Walikuwa wanacheza kati.

Kila mtu aliyesoma shule ya msingi Kenya anajua kati. Wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira, na wewe uko katikati unaukwepa. Ukikugusa, umetoka. Mimi nilicheza mara ya mwisho nikiwa na matiti madogo kama ndimu. Kuwaona wanawake wenye wajukuu wakirukaruka kwenye vumbi, wakipiga mayowe, mmoja akijitupa chini na sketi yake, kulinifanya nicheke kwa mara ya kwanza tangu pasi. Kisha dada akanisukuma katikati na kicheko kikaisha.

"Mimi siwezi," nikamwambia. "Unajua ni kwa nini nimekuja."

"Najua. Ingia."

Mpira wa kwanza ulinipata kifuani. Nilikuwa nimeuona ukitoka mkononi mwa yule mama, ukija, ukiwa mkubwa. Wa zamu iliyofuata ulinipata shavuni, na uchungu wake haukuwa kitu kuliko kule kuuona unakuja. Watoto waliojaa ukutani walicheka. Nilitaka kurudi Kabiro kwenye kiti changu, kwenye mota yangu, mahali ambapo hakuna kitu kinachokuja.

Dada alikuja akanishika bega. Alikuwa anahema na uso wake uling'aa. "Wewe unaangalia mpira," akasema. "Mpira ukiuona, umeshachelewa. Angalia bega la anayerusha. Bega linasema kabla ya mkono."

"Na kama nimeanza kuwa kama mwaitu?"

"Basi utakuwa kama mwaitu uwanjani, si kitandani. Angalia bega."

Nililiangalia bega. Mpira mmoja ulipita. Sikujua nimeukwepa mpaka niliposikia kelele za wale wanawake.

Nilianza kwenda kila Jumapili. Katikati ya wiki nilitembea asubuhi kabla ya kufungua kibanda, kuzunguka Kabiro mpaka barabarani na kurudi, na kila nilipomaliza nguo moja nilisimama, nikapanda na kushuka ngazi za ploti mpaka wapangaji wakauliza kama nimetumwa na landlord kuhesabu milango. Kwa muda mrefu sikuona tofauti yoyote ila maumivu ya mapaja. Kisha usingizi ukarudi. Kisha siku moja kopo la vifungo likateleza kwenye cherehani nikakuta nimelishika. Nililitazama mkononi kama kitu cha mtu mwingine. Mwenzangu aliona. Alitabasamu kwenye kitambaa chake.

Sitaki kudanganya kwamba hofu iliondoka. Hofu ilijifunza tu kutembea nami. Kama nikikwepa mipira mingi Jumapili, nililala vizuri mpaka Jumanne. Kama nikipigwa mapema, wiki nzima nilijitazama vidole.

Tarehe ya hospitali ilifika. Mume wangu aliacha mjengo siku hiyo akanisindikiza. Daktari bingwa alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Alifanya yote aliyofanya yule wa kliniki, na mengine zaidi, akaniandikisha sentensi ndefu ili aone kama herufi zitazidi kuwa ndogo. Mwishoni akavua miwani.

"Leo sioni ugonjwa huo kwako," akasema.

"Na kesho?" nikauliza.

"Kesho ya mtu siioni, mama. Lakini mara nyingi hauendi kwa watoto. Rudi mwaka ujao, na uendelee kutembea."

Nje, kwenye benchi, mume wangu aliuinamia mkono wangu akaubusu mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kufanya. Tulikunywa soda. Nilimpigia dada simu nikamwambia. Alipiga kelele ya furaha mpaka nikaondoa simu sikioni. "Asante Yesu," akasema. "Asante, asante." Kisha akanyamaza, nikafikiri simu imekatika.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mwepesi kama mtu aliyetua kuni. Nilikaa katikati muda mrefu kuliko siku zote. Nikawa nayaangalia mabega yote uwanjani, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokuja kuliona la dada yangu.

Alikuwa anarusha kwa mkono wa kushoto.

Dada yangu hutumia mkono wa kulia. Ndio aliozoea kunichapa nao tukiwa wadogo. Nikakumbuka kwamba hata Jumapili zilizopita alikuwa anarusha kwa kushoto, na mimi nilifikiri ni mbwembwe, anatuonyesha ufundi. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa ndani ya leso kiunoni, kama mtu anayezuia leso isifunguke. Mpira ukatoka kwake, ukanipiga tumboni. Sikuwa nimejaribu kuukwepa.

"Umelala!" akanipigia kelele akicheka. "Toka!"

Sikumuuliza pale. Nilingoja tukafika kwake. Alichemsha chai, akamimina kwa mkono wa kushoto, akaniletea, akaketi kitandani na kuukalia mkono wa kulia, chini ya paja. Nilikitazama kikombe chake hata chai yangu ikapoa. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kliniki wala barabarani. Ile ya kwanza ilikuwa yangu, ningeweza kuibeba kwa njia zangu. Hii sikujua ishikwe wapi.

"Nipe mkono," nikasema.

"Upi?"

"Unaujua."

Alinitazama. Kisha akautoa, akauweka juu ya goti langu, ukiwa umepumzika. Gumba lilikuwa linatembea juu ya kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayehisi ubora wa kitambaa. Hata gumba la mwaitu lilianza hivyo. Niliufunika kwa mikono yangu miwili, na chini ya mikono yangu uliendelea.

"Tangu lini?"

"Kabla ya pasi yako."

"Umeonwa?"

"Nimeonwa. Nimepewa dawa. Nazimeza." Aliongea kama anayeeleza habari za mpangaji mwingine. "Daktari aliniambia nisikae. Akasema kucheza, kutembea, chochote kinachoufanya mwili ujibu haraka, kitanisaidia kubaki na ninachobaki nacho. Nikafikiri, nitacheza nini mimi? Ndipo nikawakusanya wale kina mama, nikawaambia ni mazoezi ya kupunguza tumbo."

"Na hukuniambia."

"Ulikuja kwangu umejaa hofu. Ningekuambia nini? Ningesema ndiyo, ugonjwa uko kwa familia?" Sauti yake ilipasuka hapo kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa naomba kila siku hospitali isikuone na kitu. Nilikuwa nakurushia ule mpira nikikuangalia miguu. Kila ukikwepa nilikuwa nashukuru. Kila ukipigwa nilikuwa nakufa."

Tulilia, halafu akafuta uso kwa kona ya leso, akasema chai ni ya kunywa si ya kutazama.

Nilimrudia yule daktari wa sauti ndogo mapema kuliko alivyonipangia. Nilipomweleza habari za dada, aliandika yote. Alisema ziko familia chache ambazo huwa hivyo, kwamba si lazima iwe mimi, na kwamba atakuwa ananiona mara mbili kwa mwaka. Alisema mazoezi ninayofanya yananifaa kwa vyovyote, niwe mzima au la, ila nisiyageuze kuwa hirizi. Nilimuelewa. Sijui kama nimemtii.

Sasa ni msimu mwingine wa mvua. Mkono wangu uko salama kwa wakati huu. Ule wa dada umeongezeka kidogo, na mguu wa kulia umeanza kukokota akichoka, ila bado anapanda ngazi za Nyayo Highrise na mafurushi ya nguo, na wale kina mama wanajua. Aliwaambia mwenyewe, uwanjani. Mmoja akamwambia, "Kwa hivyo tumbo letu lilikuwa la bure?" na wote wakacheka huku wakijipangusa macho.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yake kukaa katikati, na mimi nilikuwa upande mmoja na mpira. Aliinamisha magoti. Nilimwona amechoka, nikaona ule mguu, na nikarusha taratibu, ule mpira wa kumrushia mtoto. Hakuukwepa. Aliudaka kwa mkono wa kushoto, akaja mpaka niliposimama, akanisukumia kifuani.

"Usinirushie hivyo," akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Nikianza kurushiwa hivyo, nimekwisha. Rusha kama unanichukia."

Alirudi katikati, akainamisha magoti tena, macho yake yakiwa begani mwangu. Nilikuwa naogopa. Nikarudisha mkono nyuma, nikarusha kwa nguvu zangu zote.